Molekuli tuliyoiweka mkiani: kisa cha utando uliovukwa nusu

Usuli

Kisa hiki kinatoka kwenye timu ya watu wanne tuliokuwa tukiiga mwendo wa molekuli kwa kompyuta, tukifanya kazi pamoja na wanakemia waliokuwa wakitafuta dawa mpya. Nimeondoa majina, ugonjwa uliolengwa na maumbo kamili ya molekuli, ambazo nitaziita A hadi F. Nambari za nishati nimezikadiria hadi kilojuli kamili.

Molekuli zote sita zilikuwa peptidi za duara, yaani mnyororo wa asidi amino uliofungwa ncha kwa ncha ukawa pete. Uzito wake ulikuwa kati ya daltoni 700 na 850 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni). Protini iliyolengwa ilikaa ndani ya seli, kwa hiyo molekuli isiyoweza kupenya utando haikuwa na faida yoyote, hata kama ingeishika protini hiyo barabara. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kanuni iliyotolewa na Lipinski na wenzake mwaka 1997 inasema kwamba dawa ya kumeza ina hatari ya kutofyonzwa vizuri ikizidi daltoni 500, au ikiwa na vikundi zaidi ya 5 vinavyotoa haidrojeni kwa ajili ya bondi, au vinavyoipokea zaidi ya 10. Kwa kipimo cha uzito peke yake, zote sita zilikuwa nje ya mstari tangu mwanzo.

Lakini kuna siklosporini, peptidi ya duara inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Ina daltoni 1202, na wagonjwa waliopandikizwa viungo huimeza. Kati ya asidi amino zake 11, saba zimewekewa methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) kwenye naitrojeni mahali pa haidrojeni, na N-H nne zilizobaki, yaani naitrojeni ambazo bado zina haidrojeni yake, hushikana na oksijeni za pete yenyewe inapokuwa kwenye mazingira ya mafuta. Kwenye maji hufunguka, kwenye mafuta hujikunja na kuficha sehemu zinazopenda maji. Wanakemia wetu walitaka kujua ni ipi kati ya sita ina tabia hiyo ya kinyonga. Uwezo wa kutengeneza kwa wingi katika awamu ya kwanza ulikuwa wa molekuli mbili tu, na ombi lao lilikuwa fupi: zipangeni kuanzia inayopenya zaidi, nasi tutaanza na mbili za juu.

Tulivyoamua, na kwa nini

Utando wa seli ni tabaka mbili za lipidi zilizogeuziana mikia. Vichwa vinatazama maji pande zote mbili, na katikati kuna mafuta ya unene wa nanomita 3 hivi. Ernest Overton alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta ndivyo vinavyoingia upesi ndani ya seli. Msingi haujabadilika: kinachoamua ni gharama ya molekuli kuyaacha maji na kuingia kwenye mafuta. Mwaka 1994 Marrink na Berendsen walionyesha, wakitumia maji kama mfano, jinsi ya kuikokotoa gharama hiyo kwa kuiga atomu. Unapima nishati huru katika kila kina, unapima kasi ya mtawanyiko katika kila kina, kisha unajumlisha ukinzani wa kila kipande kutoka upande mmoja wa utando hadi wa pili.

Nishati imekaa kwenye kipeo cha fomula, ndiyo maana inatawala jibu. Katika joto la mwili, kilima cha nishati kikipanda kwa kilojuli 6 tu kwa moli, kupenya kunashuka mara kumi. Naomba msomaji aishike nambari hiyo, maana itarudi tena na tena.

Tulianza kwa kukataa njia ya mkato. Kuna mifano inayounganisha atomu nne nzito au zaidi kuwa punje moja, na inakwenda kwa kasi kubwa sana. Ila bondi ya haidrojeni ina mwelekeo: N-H inapaswa kuielekea oksijeni sawasawa, na punje haina uso wala mgongo. Kwa molekuli ambazo siri yake ni kujificha kwa bondi hizo, tungekuwa tumefuta jambo lilelile tulilotumwa kulitafuta. Tukaiga kila atomu: lipidi 128 za aina ya POPC, inayotumika sana katika uigaji wa utando, 64 kila upande, maji, chumvi na molekuli moja ya dawa, jumla atomu 45,000 hivi.

Molekuli kubwa ya namna hii ukiiacha ielee yenyewe, kompyuta inaweza kufanya kazi miezi bila kuiona ikivuka. Kwa hiyo tulitumia mbinu ya miavuli: unaivuta molekuli kutoka kwenye maji, unaichukulia picha katika kila kina, na kutoka kila picha unaanzisha dirisha ambamo molekuli imeshikwa na springi ya kihesabu isitoke kina chake. Madirisha yetu yaliachana kwa nanomita 0.1. Kila moja lilidumu nanosekunde 60, na kwa kuwa hatua moja ya hesabu ni femtosekunde 2 (nanosekunde moja ina femtosekunde milioni moja), hizo ni hatua milioni 30 kwa dirisha.

Umbo la kuanzia tulilitoa kwenye fuwele, molekuli ikiwa imeshikana na protini yake. Sababu ilikuwa rahisi, ndilo umbo pekee lililopimwa tulilokuwa nalo.

Kisha ukaja uamuzi ambao ndio kiini cha kisa hiki. Utando wetu ulikuwa sawa pande zote mbili, basi nishati ya upande wa juu lazima ifanane na ya upande wa chini. Tukaona hakuna haja ya kuvuka wote. Tuliivuta molekuli kutoka kwenye maji hadi katikati, madirisha 41, tukachora nusu ya grafu, na nusu ya pili tukaipata kwa kuigeuza ya kwanza kama kwenye kioo. Tuliokoa karibu nusu ya muda wa klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa, na muda huo ulikuwa wa foleni. Mtu yeyote aliyewahi kusubiri zamu yake kwenye kompyuta kuu anaelewa kwa nini hakuna aliyepinga.

F ilikuwa na jambo lake. Ilibeba amini, kikundi cha naitrojeni kinachopokea protoni na kupata chaji, yenye pKa ya 9.4 (pH ambayo nusu yake huwa na chaji), kwa hiyo kwenye pH 7.4 molekuli moja tu kati ya mia haina chaji, na hiyo ndiyo inayoweza kuingia kwenye mafuta kwa bei nafuu. Tuliiga F isiyo na chaji, kisha tukaongeza kilojuli 12 kama gharama ya kuvua protoni. Hapo hatukukosea.

Orodha tuliyoikabidhi

Grafu zilitoka safi. Mistari ilikuwa laini, na mipaka ya kosa, tuliyoipata kwa kuchanganya upya data na kukokotoa tena mara nyingi, ilikuwa kilojuli 1 au 2. Kilima cha B kilikuwa 27, cha E 28, A na C zikafuata, F ikawa 44 baada ya kuongezewa ile gharama, na D ikashika mkia kwa 46. Tuliandika orodha, tukaitia tarehe, tukaikabidhi kabla maabara haijapima chochote. B na E zikachaguliwa.

Mwanakemia mmoja hakuridhika. Katika kikao cha makabidhiano alimgeukia kiongozi wetu akasema, "Kaka, hii D msiitupe. Nimeiweka kwenye kloroformu nikadondoshea methanoli ya deuteriamu, na N-H mbili zimekataa kubadilishana hadi kesho yake. Zimejificha mahali." Deuteriamu ni haidrojeni nzito; N-H iliyo wazi hubadilishana nayo upesi, iliyojificha hukawia. Kiongozi wetu alimshukuru kwa dhati na kuiandika hoja yake kwenye daftari. Hatukuifanyia kazi. Yeye hakusubiri; alitengeneza miligramu chache za D kwa muda wake mwenyewe ziingie kwenye vipimo pamoja na nyingine. Nne zilizobaki nje ya mbili zilizochaguliwa zilipimwa kwa kiasi kidogo hichohicho.

Majibu ya maabara

Kipimo cha kwanza kilikuwa PAMPA, kichujio kilicholoweshwa lipidi bila seli hai yoyote, mbinu iliyoanzishwa mwaka 1998. B, E na D zilipita vizuri na kukaribiana. A na C zilikaa katikati. F ilikuwa ya mwisho.

D, ambayo sisi tuliiweka chini ya F, ilikuwa kundi moja na B.

Kipimo cha pili kilitumia seli za Caco-2, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya utumbo mpana wa binadamu. Zinakuzwa kwa siku 21 hivi hadi zishikane kuwa ukuta unaofanana na wa utumbo mwembamba. B ilipita, D ikapita. E ilikwama. Kutoka upande wa utumbo kwenda upande wa damu ilisogea kidogo sana, lakini kinyumenyume ilikimbia. Walipoongeza verapamili, dawa inayoizuia pampu ya seli, tofauti ya pande mbili ikakaribia kuisha. Hiyo ni alama ya pampu ya P-glikoprotini, ile iliyoelezwa na Juliano na Ling mwaka 1976, ambayo hushika vitu vilivyokwisha kuingia kwenye utando na kuvitupa nje.

Kurudi nyuma

Shaka yetu ya kwanza ilikuwa kwenye vigezo vya nguvu kati ya atomu. Huko ndiko kila mtu wa fani hii anakokimbilia, kwa kuwa ni vigezo vilivyotungwa na wengine na havijibu. Tulirudia D kwa seti nyingine ya vigezo vya lipidi. Wiki mbili zikaenda, na kilima kikasogea kilojuli 3. Tulihitaji kueleza zaidi ya 10.

Swali lililofungua mlango lilitoka kwa mdogo wetu katika timu, aliyekuwa akitayarisha michoro ya ripoti. "Mwalimu," alimwambia kiongozi wetu, "mbona hatujawahi kuitoa upande wa pili?"

Tukaitoa. Madirisha 81, kutoka maji ya juu, kupita katikati, hadi maji ya chini. Bila kioo. Grafu ilipotoka, ncha zake mbili hazikukutana. Upande wa kuanzia ulikuwa sifuri, upande wa kutokea ulikuwa kilojuli 12 chini yake. Ni molekuli ileile kwenye maji yaleyale, kwa hiyo fizikia hairuhusu tofauti yoyote kati ya ncha hizo. Kilojuli 12 ni mara mia moja katika kupenya. Ilikuwa imekaa pale muda wote, na kioo kiliifunika.

Ndipo tulipofanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzo: tukakaa tukaitazama D ikitembea, dirisha kwa dirisha. Katika dirisha la katikati kabisa, ndani ya mafuta, pete ilikuwa wazi vilevile kama ilivyotoka kwenye fuwele. N-H mbili zilikuwa zimenyoosha mikono nje, na kila moja ilikuwa imeshika molekuli ya maji iliyoburutwa kutoka juu. Nyuma yake kulikuwa na uzi mwembamba wa maji uliopanda hadi kwenye vichwa vya lipidi. Kumbe kilima cha kilojuli 46 kilikuwa bei ya kuivusha D pamoja na maji yake.

Kisha, katika dirisha lililokuwa upande wa pili, kwenye nanosekunde ya 38, pete iligeuka. Kikundi kimoja cha amaidi, kiungo kati ya asidi amino mbili, kilizunguka, N-H ikaikuta oksijeni ya ng'ambo ya pete, maji ya kwanza yakaachiwa. Muda mfupi baadaye N-H ya pili ikafuata. Molekuli ikawa tambarare na fupi, na uzi wa maji ukakatika. Zilikuwa ni N-H zilezile mbili zilizokataa deuteriamu. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba tulinyamaza wote, halafu mmoja wetu akaenda kumpigia simu yule mwanakemia.

Tulianza upya kwa namna tatu zilizofungamana. Madirisha yalianzishwa mara mbili, seti moja kutoka umbo lililo wazi na nyingine kutoka umbo lililojikunja, tulilolipata kwa kuiga D kwenye kloroformu. Madirisha jirani yaliruhusiwa kubadilishana mahali mara kwa mara, ili molekuli iliyojikunja ndani iweze kusafiri kwenda nje na iliyo wazi iingie. Muda wa kila dirisha ukapandishwa hadi nanosekunde 300. Hatukusimamisha mpaka seti zote mbili zilipotoa jibu linalopishana kwa chini ya kilojuli 3, na ncha za grafu zikakutana zenyewe. Kilima cha D kikawa 31. Kutoka 46 hadi 31 ni kupenya kuongezeka zaidi ya mara 300.

B haikusogea sana ilipopitishwa njia hiyo. Naitrojeni zake karibu zote zilikuwa na methili, hivyo haikuwa na cha kuficha. Kuipata sawa mara ya kwanza haikuwa ushahidi kwamba mbinu yetu ilikuwa sawa kwa D, ingawa sisi tuliichukulia hivyo.

Uchambuzi

Kosa lenyewe lina sura mbili. Ya kwanza ni mwendo wa polepole ambao springi haiugusi. Springi yetu ilishika kina. Kujikunja kwa pete ni mhimili mwingine kabisa, na una kilima chake ambacho nanosekunde 60 hazikutosha kukipanda isipokuwa kwa bahati. Umbo la fuwele lilizidisha tatizo, kwa sababu molekuli inayoishika protini hufungua mikono ili ishike, na mikono hiyohiyo ndiyo inayopaswa kukunjwa kwenye mafuta. Tulianza kutoka mahali pabaya kuliko pote.

Sura ya pili naiona nzito zaidi: tuliondoa kipimo pekee ambacho kingetuambia. Kuvuka utando mzima hakutoi tu nusu ya pili ya grafu. Kunatoa jaribio la bure, kwamba ncha mbili lazima zifanane bila wewe kuzilazimisha. Ukitumia kioo zinafanana kwa amri. Na ile mipaka ya kosa ya kilojuli 1 au 2 haikuwa uongo kwa maana ya hesabu, bali ilijibu swali dogo. Kuchanganya upya data kunaeleza kiasi cha mtikisiko ndani ya kile ulichokiona. Umbo lililojikunja halikuwemo kwenye data, kwa hiyo hakuna namna ya kuichanganya data hiyo likajitokeza. Madirisha yote 41 yalikubaliana kwa kuwa yalizaliwa na mvuto mmoja wenye kasoro moja.

Kuhusu E, sitaki ihesabiwe pamoja na D. Uigaji ulisema E inapenya lipidi, na PAMPA ikathibitisha. Kilichoikwamisha ni pampu, na kwenye utando wetu wa POPC hapakuwa na protini hata moja. Hapa tulishindwa kwenye mazungumzo. Wanakemia waliuliza ipi itaingia ndani ya seli, sisi tukajibu ipi itavuka mafuta, na hakuna kati ya pande mbili aliyesema kwa sauti kuwa hayo ni maswali mawili. Sentensi moja kwenye ripoti ingetosha kuwafanya wapime E kwenye Caco-2 kabla ya kuitengeneza kwa wingi.

Ushahidi wa deuteriamu tulikuwa nao siku ya makabidhiano. Ulitoka kwenye chupa na sisi tulikuwa na grafu, tukaiamini grafu. Kimsingi ulikuwa unapima jambo lilelile tulilolikosa: kama N-H zinajificha kwenye mazingira ya mafuta.

Yapo yaliyokwenda vizuri, na si madogo. Kuiga kila atomu ndiko kulikotuwezesha hatimaye kuuona uzi wa maji na kuuelewa. Kwa punje tusingeuona kamwe. Hesabu ya chaji ya F ilisimama. Kuitia orodha tarehe kabla ya vipimo kulitunyima nafasi ya kujitetea, kwa sababu D ilikuwa imeandikwa ya sita na haikuweza kusomwa vinginevyo. Na zile miligramu chache za ziada ndizo zilizookoa D isipotee kabisa.

Jambo moja la kiufundi linafaa kutajwa kwa wanaolinganisha nambari. Hata baada ya marekebisho, viwango vya kupenya tulivyokokotoa kwa B vilikuwa juu ya vilivyopimwa. Sehemu ya tofauti hiyo si ya utando. Kwenye PAMPA kuna tabaka la maji lililotulia pande zote za kichujio, na molekuli inayopenya upesi hucheleweshwa na maji hayo kuliko na lipidi. Kwa hiyo molekuli nzuri hujazana karibu na dari moja, na ndiyo sababu B na D zilikaribiana maabara wakati hesabu yetu bado inazitenganisha kwa kilojuli 4.

Kilichobadilika, na kilichobaki

Hatutumii kioo tena kwa molekuli yenye pete inayoweza kujikunja. Tukilazimika kubana muda wa klasta, tunapunguza idadi ya molekuli. Kila moja huanzishwa kutoka maumbo mawili, la maji na la kloroformu, na matokeo ya N-H kutoka maabara huombwa kabla ya kuwasha chochote. Yule mwanakemia sasa hukaa kwenye kikao cha kupanga.

Utando wetu bado hauna kolesteroli, ambayo kwenye seli za wanyama huibana mikia ya lipidi na kwa kawaida hupandisha gharama ya kupita. D inaigwa upya kwenye mchanganyiko huo. A na C zilibadilishana nafasi kati ya hesabu na maabara, na kwa kuwa zinapishana kwa chini ya kilojuli 3, hatuna haki ya kusema ipi iko mbele. Kwenye orodha mpya zimeandikwa mstari mmoja.